Ukitagi mahali ulipo, nani anafaidika: wewe, mwenye duka au mtu wa tatu?

#1 Kibatari
Wakuu, salaam. Kuna kitu kinanikera tangu juzi. Nilikaa mahali napata kinywaji, mhudumu akaleta bili na kikaratasi: "Piga picha, tagi mahali hapa, upunguziwe asilimia 10." Nikatagi, yaani nikaweka picha mtandaoni nikabonyeza na jina la mahali pale, nikapunguziwa, nikaondoka nimefurahi kama mtoto.

Njiani ndipo akili ikarudi. Mfanyabiashara hagawi asilimia 10 kwa sababu amependa sura yangu. Kanunua nini kwangu? Wafuasi wangu ni mia mbili na kitu, nusu ni ndugu, nusu ni watu waliosahau kuni-unfollow. Dai langu: kutagi lokesheni ni kibarua, na vibarua wenyewe hatumjui tajiri. Anayejua thamani ya kile kitufe atueleze.

#2 TumbiliMjini
Umeuzwa kwa asilimia 10 mkuu, pole. Navuta kiti.

#3 BintiMshonaji
Mimi nipo upande wa pili wa kikaratasi hicho, nina kaduka ka nguo. Niliweka ofa kama hiyo miezi minne. Tagi zilikuja kama mvua. Sasa kila mteja mpya nilikuwa namuuliza, "Umetujuaje?" na kuandika kwenye daftari. Wengi walikuwa wapita njia. Wengine wameambiwa na rafiki, kwa mdomo kabisa. Wengine wametafuta kwenye ramani. Waliokuja kwa sababu ya tagi ya mtu nawakumbuka kwa majina, ni wachache hivyo.

Tagi ziliniletea ujumbe wa watu wa mbali: "Mnatuma?" Nikajikuta naanza biashara ya kufunga vifurushi ambayo sikuipanga. Ila faida niliyoipenda ni picha. Ukifungua ukurasa wa mahali petu unakuta watu wenye miili ya kawaida wamevaa nguo zangu. Modo wangenila pesa nyingi kuliko hiyo asilimia 10, na bado mteja angesema "mimi halitanikaa."

#4 MzeeWaDira
Vijana mnaona hili jipya. Foursquare imeanza 2007, mimi nipo. Ulikuwa unafika mahali, unabonyeza, unapata pointi. Ukifika mara nyingi kuliko wenzako unakuwa meya wa pale. Nilikuwa meya wa kinyozi. Meya analindiwa ofa yake, wengine wanalipa bei kamili.

#5 Kokoto
Shikamoo mzee, ila mwaka umeteleza. Foursquare ilizinduliwa Machi 2009 kwenye tamasha la South by Southwest, Austin, Marekani. Iliyotangulia ni Dodgeball, ya Dennis Crowley huyohuyo mwanzilishi wa Foursquare, na mwenzake. Ile ilitumia ujumbe mfupi wa simu: unatuma jina la mahali, rafiki zako wanapata taarifa. Google waliinunua 2005, wakaizima 2009. Mshindani wa Foursquare alikuwa Gowalla. Facebook nao walileta Places, kitufe chao cha kutagi mahali, Agosti 2010, mwisho wa 2011 wakaichukua timu ya Gowalla, na 2012 Gowalla ikafungwa.

#6 MzeeWaDira
Marahaba. Mwaka nimekubali, umeya wangu haufutiki. Ninachotaka kusema ni kwamba ofa ilifanya kazi. Nilikuwa naenda kunyoa mara mbili kwa wiki ili nisipokonywe cheo.

#7 TumbiliMjini
Mzee uliwahi kuweka picha yako humu. Una upara.

#8 MzeeWaDira
Ndiyo maana nakwambia ofa ilifanya kazi.

#9 Kokoto
😂 Turudi kwa Kibatari. Nitaandika kirefu kidogo, nivumilieni, maana hapa ndipo watu wanapokosea.

Watu wanadhani simu inajua duka uliloingia. Haijui. GPS ya simu, ukiwa uwanjani chini ya anga wazi, inakosea kwa kama mita 5. Ingia ndani ya jengo, mawimbi yanagonga zege, kosa linakuwa kubwa zaidi. Jengo lina ghorofa nne, kila ghorofa maduka kumi, ukuta kwa ukuta. Kwa mawimbi ya setilaiti simu inapata nukta tu. Nukta hiyo iko kwa muuza viatu, kwa daktari wa meno, au kwenye ngazi unapoongea na simu? Hakuna anayejua.

Wewe unajua. Ukibonyeza jina la mahali, umeiambia mashine: "Nukta hii, yenye mitandao hii ya Wi-Fi inayoonekana kwa nguvu hizi, saa hii, ni duka fulani." Hilo ni jibu la mtihani. Kusanya majibu hayo kwa mabilioni, kama Foursquare walivyofanya, kisha fundisha programu kukisia bila mtu kubonyeza chochote. Ndivyo ilivyokuwa. 2014 waligawa programu yao mara mbili, kubonyeza kukahamia Swarm, na taratibu pesa ikawa inatoka kwa makampuni yanayonunua data na vifaa vya kujenga programu.

Mfano unaojulikana: Chipotle, migahawa ya Marekani, walipata mkasa wa wateja kuugua mwishoni mwa 2015. Aprili 2016 mkuu wa Foursquare, Jeff Glueck, aliandika hadharani kwamba kwa kuangalia watu wanaoingia kwenye matawi, mauzo ya robo ya kwanza yatashuka kwa karibu asilimia 30. Kampuni ikatoa hesabu zake: matawi yaliyokuwepo tangu mwaka uliotangulia yameshuka asilimia 29.7. Mtu mwenye hisa angelipa kiasi gani kujua hilo wiki mbili mapema?

Desemba 2024 waliifunga ile programu ya kutafuta sehemu za kwenda. Upande wa kuuzia makampuni ukabaki. Kwa hiyo Kibatari, kibarua ni kweli. Ila tajiri wako siye aliyekupa kikaratasi.

#10 Kinyonga2
Maelezo matamu, swali limebaki palepale. Asilimia 10 katoa mwenye sehemu, hakutoa mwenye programu. Kokoto katueleza faida ya mtu ambaye hakulipa chochote. Aliyelipa kapata nini?

Mimi naona ni ushuhuda tu. Tangazo la duka unalipita, picha ya shemeji yako amekaa dukani unaisimamia. Basi. Mambo ya setilaiti ni kuikuza hadithi.

#11 Kokoto
Kinyonga, soma #3. Mwenye duka mwenyewe kasema ushuhuda haukumletea wateja mlangoni, ila wachache.

#12 Kinyonga2
Duka moja, daftari moja. Na anayeulizwa "umetujuaje" anajibu la kwanza linalomjia. Picha aliiona wiki mbili nyuma, leo anapita anasema "nilikuwa napita tu." Mguu haukumbuki nani aliuleta.

#13 BintiMshonaji
Kinyonga hapo umenifunga mdomo kidogo. Kidogo tu.

#14 FundiRamani
Kuna sababu nyingine hamjaigusa. Google wanasema wazi kwamba matokeo ya utafutaji wa karibu yanapangwa kwa mambo matatu: unachotafuta kinalingana na biashara kiasi gani, iko umbali gani nawe, na inajulikana kiasi gani. Kwenye kujulikana huko maoni na nyota vinahesabika. Tagi ya Instagram haimo kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo mwenye akili angeomba maoni ya nyota, sivyo? Tatizo ni kwamba kanuni zao zinakataza kumpa mtu zawadi au punguzo ili aandike maoni. Tagi na picha kwenye mtandao mwingine hazimo kwenye katazo hilo. Nahisi wengi wanaomba tagi kwa sababu ndicho kitu wanachoweza kukinunua.

#15 BintiMshonaji
Ngoja. Kwa hiyo kale kakibao kangu kengine, "tupe nyota 5 upate hereni"...

#16 FundiRamani
Kafute dada. Leo.

#17 MlinziWaZamu
Mnajadili biashara, mimi najadili mlango wangu. Nilisafiri siku sita, kila kituo natagi, mpaka kiti cha dirishani. Kurudi, komeo limeng'olewa, televisheni haipo, hata pasi wamebeba. Mnakumbuka ile tovuti ya Please Rob Me ya 2010? Ilikuwa inakusanya tagi za watu za hadharani na kuonyesha nani hayupo nyumbani. Waliitengeneza kama onyo, watu wakacheka.

Na yule John McAfee wa programu za kuzuia virusi, alikamatwa Belize kwa sababu ya picha moja tu. Kila picha unayoposti imebeba namba za mahali ndani yake.

#18 Kokoto
Pole kwa pasi na vingine vyote. Marekebisho mawili tu.

McAfee alikuwa amekimbia kutoka Belize. Desemba 2012 jarida la Vice liliweka picha yake mtandaoni, namba za GPS zikiwa bado ndani ya faili. Watu wakazisoma, kumbe yuko Guatemala, na huko ndiko alikokamatwa siku chache baadaye.

La pili, si kweli kwamba kila picha unayoposti inabaki na namba hizo. Mitandao mikubwa kama Facebook inazifuta kabla wengine hawajaiona picha. WhatsApp vilevile ukituma kama picha ya kawaida. Ukiituma kama faili, au ukiiweka kwenye tovuti yako mwenyewe, zinaweza kubaki zote. Na kufutwa kwa mtazamaji hakuna maana kwamba kampuni haikuzisoma ilipopokea.

#19 Kinyonga2
Mlinzi, pole. Lakini una uhakika mwizi alitoka mtandaoni? Taa zimezimwa siku sita, hakuna nguo kwenye kamba, geti halijafunguliwa. Jirani asiye na simu angejua.

#20 MlinziWaZamu
Sina uhakika. Lakini mke wangu anao, na nyumbani kwangu huo unatosha.

#21 SautiYaPembeni
Mimi niliomba ruhusa kazini, naumwa tumbo. Rafiki yangu akanitagi ufukweni. Bosi akaweka "like", hakusema neno. Jumatatu kaniuliza tumbo linaendeleaje, na maji yalikuwa ya moto au ya baridi.

#22 TumbiliMjini
Huyo bosi apewe uzi wake.

#23 MamaPacha
Nawasoma tangu mwanzo. Mnabishana juu ya tone, bahari iko pembeni. Tagi unabonyeza mwenyewe, mara moja kwa wiki. Programu ya hali ya hewa, ya tochi, ya mchezo wa mtoto, zikipewa ruhusa zinachukua lokesheni mchana na usiku bila kukupigia hodi, na nyingine zinaipeleka kwa madalali wa data.

Desemba 2019 New York Times walipata faili moja la aina hiyo: nukta zaidi ya bilioni 50 kutoka simu zaidi ya milioni 12 za Wamarekani. Hakuna majina ndani yake, na majina hayahitajiki. Nukta inayolala mahali pamoja kila usiku na kushinda mahali pamoja kila mchana, ni nani huyo kama si wewe? Utafiti wa 2013 uliochapishwa kwenye Scientific Reports uliangalia data za simu za watu milioni moja na nusu: pointi nne za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 yao.

Serikali nazo zimeamka kwa kuchelewa. FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, iliishtaki Kochava, dalali wa data, Agosti 2022. Januari 2024 ikamzuia dalali mwingine, X-Mode, kuuza data za maeneo nyeti, zahanati na nyumba za ibada zikiwemo. Halafu mtu anakaa hapa anahesabu asilimia 10 ya kinywaji.

#24 Kibatari
Mama Pacha, mtu huyo ni mimi, na bado nazihesabu. Ila umenishtua. Kama nukta wanazo zote hizo, tagi yangu ya nini?

#25 Kokoto
Ndiyo #9. Nukta bilioni 50 ni kelele. Tagi ni mtu anayesema "niko hapa" kwa kinywa chake.

#26 MamaPacha
Kwa teknolojia ya zamani, sawa. Mashine zilishajifunza kitambo. Shule imefungwa, wewe bado unapeleka chaki.

#27 Kokoto
Maduka yanafungwa, yanahama, yanabadilisha majina kila siku. Hiyo shule haifungwi. Mwanafunzi anasahau.

#28 Kinyonga2
Nyote wawili mnadharau mtumiaji. iPhone tangu iOS 14 ya 2020, na Android 12 ya 2021, unaweza kuinyima programu mahali kamili ukaipa makadirio. Programu ya hali ya hewa inahitaji mtaa, haihitaji kiti. Twitter wenyewe Juni 2019 walitangaza kuondoa ile tagi ya mahali kamili kwenye tweet, wakisema wengi hawaitumii. Kama kitufe kina thamani kubwa hivyo, mbona walikitupa?

#29 MamaPacha
Walikitupa kwa kuwa kilikuwa kinawaletea lawama zaidi ya faida. Hayo ni maoni yangu, usiniombe ushahidi.

#30 MzeeWaDira
Mnasahau upande wa kuwasogeza watu. 2016 Pokémon Go ilipotoka, ule mchezo wa simu wa kutembea ukiwinda vikaragosi, McDonald's ya Japani iliingia mkataba, matawi yake karibu 3,000 yakawa vituo ndani ya mchezo. Hakuna aliyeuza siri za mtu. Walilipia miguu ifike mlangoni. Hiyo ndiyo biashara ya lokesheni ninayoielewa: mtu aje, anunue, aende.

#31 SautiYaPembeni
Mzee kwa hiyo na wewe uliwinda?

#32 MzeeWaDira
Nilikuwa nampeleka mjukuu.

#33 TumbiliMjini
Mjukuu amezaliwa lini mzee? Tunauliza tu.

#34 DuduWashaMbio
Mgeni humu, samahani kwa kudandia. Na sisi wakimbiaji tumo? Nasikia Strava, ile programu ya kurekodi mazoezi, waliwahi kufichua kambi za jeshi mwaka 2018.

#35 Kokoto
Karibu. Ramani yenyewe waliitoa Novemba 2017, ikionyesha njia za wakimbiaji na waendesha baiskeli duniani kote bila majina. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaona kwamba sehemu za jangwa zenye giza tupu kuna duara linang'aa: askari wanakimbia kuzunguka kambi yao. Hakuna askari aliyetagi chochote, walikuwa wameacha saa za mazoezi zirekodi. Kwa upande wako, ficha mwanzo na mwisho wa njia yako kwenye setingi, maana hapo ndipo nyumbani.

#36 DuduWashaMbio
Nimeficha sasa hivi. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nachora mshale kuelekea mlango wangu. Asante.

#37 FundiRamani
Niwape kisa cha pini, maana mmekaa kwenye siri mno, na biashara nyingi zinaumizwa na kitu cha kijinga zaidi. Nina karakana. Mtu fulani, simjui, alipendekeza marekebisho kwenye ramani, pini yangu ikahamia nyumba ya tatu kutoka kwangu. Pale anakaa mzee mmoja mstaafu na mbwa wake.

Kwa wiki tatu sikujua. Nikawa najiuliza wateja wameenda wapi, nimekosa nini, labda bei. Siku hiyo mzee akaja na karatasi ameandika kwa mkono: majina ya watu 14 waliomgongea geti kutaka kutengenezewa jenereta. Aliwaandika ili anikabidhi, na pembeni ya kila jina kaweka alama kama mtu huyo ana adabu au hana. Namba za mahali kwenye ramani (latitudo na longitudo) zilitofautiana kwenye tarakimu ya nne ya desimali tu. Moja kwenye tarakimu hiyo ya nne ni kama mita 11. Ukikosea tarakimu hiyo kwa nne, tano hivi, umefika kwa mbwa.

Kwa hiyo mkiniuliza thamani ya lokesheni kwa biashara, mimi najibu: watu 14, na huo ni uchache, maana wengine walimwona mbwa wakageuza.

#38 BintiMshonaji
Wenye adabu walikuwa wangapi?

#39 FundiRamani
Tisa. Nimewapigia tisa hao kwanza.

#40 Kinyonga2
Hiki kisa kinaunga mkono hoja yangu. Thamani iko kwa mteja kufika, si kwa dalali.

#41 Kokoto
Kinaunga mkono yangu. Tagi za wateja halisi ndizo zingeonyesha kwamba pini imehama.

#42 MamaPacha
Kinaunga mkono yangu. Mtu usiyemjua amekusogeza, nawe hukuambiwa.

#43 TumbiliMjini
Kinamuunga mkono mbwa.

#44 SautiYaPembeni
Swali la pembeni: nikifuta ile picha ya ufukweni, lokesheni nayo inafutika?

#45 MamaPacha
Kwa watu, ndiyo, hawataiona tena. Iliyokwishachukuliwa na kunakiliwa kwingine hairudi kwa sababu umefuta. Na bosi ameshaiona, kwa hiyo iache tu.

#46 Kibatari
Wakuu, nimerudi. Leo nimepita palepale makusudi, nikamwomba mhudumu aniitie mwenye sehemu. Mtu mpole tu. Nikamuuliza zile tagi zinamsaidia nini. Kaniambia kweli kabisa hajui, aliona kikaratasi kama hicho sehemu nyingine akaona kinapendeza, akachapisha.

Tukafungua simu yake kuangalia. Ukurasa wa mahali pake una picha tatu, zote kazipiga yeye. Tukafungua yangu. Tagi yangu iko kwenye sehemu yenye jina hilohilo, bara jingine, kule wanauza matairi. Nikashuka chini kwenye picha za wale matairi: wateja wake wote wamejaa pale, wameshika vinywaji, wanatabasamu.

#47 FundiRamani
Nipe jina la sehemu PM, nimrekebishie. Hiyo kazi ni ya dakika kumi.

#48 TumbiliMjini
Na wale wa matairi wameshaanza kuuliza "mnatuma?"